Ukungu wa Kukodi

Hapo zamani, si ile zamani ya fisi kwenda kuoa, bali zamani ya juzijuzi tu, mwaka ule kamati ya tamasha ilipokodi moshi mjini na kuupandisha milimani kwenye ukungu. Sogeeni. Anayetaka kukohoa akohoe sasa, maana nikifika kwenye wimbo sitaki kelele.

Kwanza niseme kwamba mimi sina upande. Kwaya yetu siku hiyo ilishika nafasi ya nane kati ya kwaya tisa, na hiyo ya tisa haikuimba kabisa. Mtu aliyetoka tamashani namna hiyo hana wa kumpendelea.

Tamasha la vijana hufanyika kwetu Rungwe kila mwezi wa nane, kwenye uwanja wa mpira wa shule. Mwezi wa nane kwetu, jua likijitahidi sana huonekana mpaka saa saba mchana. Baada ya hapo ukungu unashuka kutoka mlimani, unakaa uwanjani, na goli la upande wa pili halionekani tena mpaka kesho. Hakuna aliyewahi kulalamika. Miaka yote tuliimba tumesimama kwenye nyasi, na aliyekuwa haoni alisikiliza.

Mwaka ule mwenyekiti wa kamati, Mchungaji Mwasomola, alikuwa amealikwa kwenye tamasha kubwa la mjini. Huko aliona jukwaa. Aliona taa za rangi. Aliona moshi ukitoka chini ya miguu ya waimbaji, na waimbaji wakitokea katikati yake wameinua mikono. Akarudi si yule tuliyemjua. Akaitisha kikao, akasema, "Vijana tunawapoteza. Tunataka jukwaa, taa na moshi."

Basi likajengwa jukwaa la mbao, na akaja fundi mitambo kutoka mjini, jina lake Bonifasi, na spika zake na mashine yake ya moshi. Bonifasi aliposhuka kwenye gari alitazama juu, akatazama pembeni, akamtafuta Mchungaji.

"Bwana Yesu asifiwe, Mchungaji."

"Amina."

"Hapa mna ukungu."

"Upo."

"Sasa moshi ni wa nini?"

Mchungaji akamwonyesha ratiba ya tamasha, kurasa nne, imepigwa mhuri. "Ukungu haufuati ratiba," akasema. "Moshi unafuata."

Bonifasi akaenda kuunganisha mashine yake.

Zawadi ya kwaya ya kwanza ilikuwa kinanda kipya, chenye sauti zote, kimetolewa na mtu mwema ambaye hakutaka kutajwa. Kiliwekwa palepale jukwaani ili kila kwaya ikitumie kuimbia. Yaani uimbe ukipiga kile kitu chenyewe unachokitamani, kisha ushuke ukiache. Nasema ukweli, hata mwalimu wetu alikishika pembeni kidogo kabla ya kushuka.

Sasa sikilizeni habari ya Betania. Kwaya ya Vijana Betania ina mwalimu anaitwa Ambakisye, fundi cherehani, mtu wa maneno machache. Kanisa lao lina kinanda cha kukanyaga kwa miguu, kilichoachwa na watu wa zamani, na kinanda hicho kinakufa. Kinakufa sauti moja moja. Ilianza fa. Ikafuata ti. Panya wakamaliza zilizokuwa pembeni. Ukisema uihamishe do ianzie pengine, unakutana na wafu wengine huko. Kwa hiyo Mwalimu Ambakisye alibaki na sauti tano zinazolia: do, re, mi, so, la. Na bwana huyo ametunga nyimbo kumi na moja kwa sauti hizo tano, akizikwepa zilizokufa kama mtu anavyokwepa madimbwi njiani. Waimbaji wake wakiimba huwezi kujua kwamba kuna kitu hakipo. Yeye anajua. Na anajua pia kwamba ikifa moja tena, hana pa kupita.

Miaka mitatu kabla ya tamasha lile alifiwa na mkewe. Mama yule alikuwa na desturi: siku za mazoezi, mumewe akichelewa kanisani, alimwachia taa ya chemli dirishani. Ambakisye akatunga wimbo. Maneno yake si mengi:

"Njia sijaiona, taa nimeiona."

Kwaya inaitikia: "Bado inawaka."

"Mto sijauvuka, taa nimeiona."

"Bado inawaka."

Pale mwishoni, kabla ya "inawaka" ya mwisho, wimbo unataka fa. Hautaki mi, hautaki so. Aliisikia kichwani, akabonyeza, ikatoka hewa tupu. Hakutaka kuweka sauti nyingine. Kwenye daftari lake aliacha nafasi, akaifundisha kwaya kunyamaza hapo hesabu nne, kisha waingie wamalizie. Akajiambia kwamba siku atakapokaa mbele ya kinanda kizima, ataiweka fa yake kwa mkono wake. Haya alinieleza mwenyewe baadaye, akinipima kola ya shati. Na siku hiyo ilikuwa imefika, maana kinanda kizima kilikuwa jukwaani kinamsubiri.

Hao ni Betania. Sasa Emau.

Kwaya ya Vijana Emau inafundishwa na Mwalimu Sekela, mwalimu wa darasa la tatu, mwanamke mrefu asiyependa mchezo. Alijifunza kinanda chuoni miaka miwili, tena vizuri. Akapangiwa kazi Emau, akafika, akakuta kanisa halina kinanda hata cha kufa. Basi akachora vibonyezo kwa chaki kwenye meza ya kanisa, akafundishia hiyo meza. Mwaka ule ulikuwa wa tisa. Waimbaji wa Emau wamezoea kutazama vidole vyake vikienda mezani na kusikia kinanda ambacho hakipo. Wageni wakiingia kwenye mazoezi yao hutoka taratibu.

Betania wana sauti tano. Emau wana meza. Hiyo ndiyo hali, na kinanda ni kimoja.

Tuje kwenye sare, maana tamasha kwetu bila sare si tamasha. Betania walikwenda dukani sokoni wakachagua kitenge cha manjano chenye miavuli midogo myekundu. Muuzaji akawaapia kwamba jora ni hilo moja tu, hawatalikuta kwa mtu. Wiki iliyofuata Emau wakaingia duka hilohilo, wakachagua miavuli hiyohiyo, wakaapiwa kiapo hichohicho. Siku ya tamasha kwaya mbili zilishuka kwenye malori mawili zikatazamana. Kila upande uliamini kwamba mwenzake ndiye mwizi. Wakapiga kura ya nani aimbe lini, na Emau wakawa wa saba, Betania wa nane. Yaani wafuatane.

Kabla ya kuanza, Mchungaji Mwasomola, ambaye alikuwa pia jaji mkuu, alisoma kanuni. Kanuni ya kwanza, kwaya ikishaanza wimbo haikatishi, ikikatisha imejitoa. Ya pili, wimbo ukishaimbwa jukwaani haurudiwi siku hiyo na kwaya yoyote. Ya tatu, mwimbaji wa kwaya ni yule aliyepanda nayo ilipoitwa akiwa amevaa sare yake. Hii ya tatu ililetwa tangu kwaya moja ilipoazima besi wanne kutoka kwetu bila hata kuwavalisha. Besi wale waliimba huko vizuri kuliko walivyowahi kuimba nyumbani, na bado tunalizungumza.

Sasa yupo msichana, Atuganile, mchuma chai, miaka ishirini na miwili, wa Betania. Yeye ndiye anayewaanzishia nyimbo. Desturi ya kwaya zetu ni hii: mwanzishaji anapanda wa mwisho, anakwenda mbele kwenye kipaza sauti, anaufungua wimbo peke yake, mstari na kiitikio, bila kinanda. Kisha kinanda kinamtafuta, na kwaya inampokea. Saa tisa kasoro, kwaya ya sita ikiimba, Atuganile alikwenda jikoni kwa akina mama kuomba maji ya moto yenye tangawizi, kwa ajili ya koo. Akanywa, akashukuru, "Ndaga fijo, mama." Alipotoka nje ukungu ulikuwa umeanza kushuka kwa ratiba yake yenyewe. Akasikia makofi uwanjani. Akadhani kwaya ya saba imemaliza, kumbe ni ya sita. Akakimbia.

Nyuma ya jukwaa aliona mstari wa miavuli myekundu unapanda ngazi. Nyuma ya jukwaa hairuhusiwi kuongea. Akajiunga mwishoni, akapanda.

Mbele yake alikuwa mwanzishaji wa Emau, dada mmoja mpole. Dada yule alikifikia kipaza sauti, akavuta pumzi, na saa hiyohiyo ratiba ikasema moshi. Bonifasi akabonyeza. Moshi ukatoka chini ya mbao ukakutana na ukungu uliokuwa unashuka, wakasalimiana, na jukwaa likapotea. Moshi ukaingia kooni mwa yule dada, akakohoa, akajitoa pembeni. Kipaza sauti kikabaki peke yake. Atuganile akakisogelea kwa kupapasa, akafungua mdomo.

"Njia sijaiona, taa nimeiona. Bado inawaka."

Sisi uwanjani hatukuona mtu. Hatukuona hata jukwaa. Tulisikia sauti moja ya msichana inatoka kwenye weupe, inasema njia haijaiona, na ilikuwa kweli, hakuna aliyekuwa anaiona.

Mwalimu Sekela alikuwa ameshakaa kwenye kinanda. Alijua tangu neno la kwanza kwamba huyo si wake, wake alimsikia anakohoa. Kanuni ya kwanza aliijua pia. Vidole vyake vikamtafuta yule msichana, vikampata. Wimbo wa sauti tano unashikika upesi. Akawaashiria waimbaji wake kwa kichwa, na Emau, watu waliozoea kusikia kisichokuwepo, wakapokea kiitikio ambacho hawajawahi kufundishwa.

"Bado inawaka."

Atuganile alijua kwenye kiitikio cha pili. Sauti ya pili ya Betania huchelewa kidogo, miaka yote, mwalimu amechoka kuwaambia. Hii haikuchelewa. Akajua amesimama mbele ya Emau. Akaimba mstari uliofuata.

Nyuma ya jukwaa Betania walisikia wimbo wao unaimbwa na watu wengine. Besi wawili wakavuta pumzi wapige kelele kwamba huyo ni wetu. Mwalimu Ambakisye akainua mkono, akaukunja ngumi, vile anavyoukunja mazoezini akitaka kwaya ikate sauti. Wakakata. Kwaya nzima ikasimama kwenye ukungu midomo imefungwa, inasikiliza.

Wimbo ukafika mwishoni. Ukafika pale kwenye nafasi. Atuganile akanyamaza hesabu nne kama alivyofundishwa. Mwalimu Sekela hakufundishwa. Yeye alisikia shimo, na vidole vyake, vilivyopiga meza miaka tisa, vikaweka fa.

Mwalimu Ambakisye akakaa kwenye kreti ya soda. Hakulia. Alikaa tu. Mimi nililia. Nilikuwa mstari wa pili na sare yetu ya kijivu, nikalia kama mtoto bila kujua nalilia nini, na jirani yangu vilevile. Kisha "inawaka" ya mwisho ikaingia, na uwanja mzima, vijana elfu mbili wasioonana, ukaitikia wenyewe bila kuombwa, mara tatu. Majaji waliweka kalamu chini. Mchungaji Mwasomola alizima saa yake ya kupimia muda akasahau kuangalia inasema ngapi.

Moshi ukapungua kidogo. Tukaona Emau, na Atuganile wa Betania amesimama mbele yao, na yule dada wa Emau pembeni amejiziba mdomo kwa kitambaa.

Mshereheshaji akafuata ratiba. "Kwaya ya nane, Betania, Bwana Yesu asifiwe." Betania wakapanda. Wimbo wao mmoja waliouandaa ulikuwa umeshaimbwa, na kanuni ya pili ilikuwa palepale. Mwalimu Ambakisye alitazama kinanda. Hakukigusa. Akainama, kwaya ikainama, wakashuka. Wakapewa sifuri kila mahali isipokuwa kwenye mavazi, ambako walilingana na Emau.

Matokeo yakasomwa jioni: Emau wa kwanza. Hapo ndipo maneno yalipoanza. Mchungaji akawaita wahusika kwenye chumba cha darasa la nne. Wakakaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamepanda juu. Nami nilikuwemo, maana viongozi wa kwaya zote tuliitwa tuwe mashahidi. Mchungaji akafungua daftari.

Akaanza Mwalimu Sekela. "Mimi sidai makubwa. Nadai kinanda. Iliyoitwa ni Emau, iliyoimba ni Emau, kinanda nimepiga mimi. Msichana alipanda na sisi amevaa miavuli, kanuni ya tatu inasema ni wetu. Ningeweza kusimamisha. Ningeweza kumwacha aimbe peke yake aaibike. Tulimpokea mtoto wa watu kwenye moshi, tukambeba, na wimbo wenyewe hatuujui. Na Mchungaji, mimi nafundishia meza."

"Imeandikwa," akasema Mchungaji.

Akafuata Mwalimu Ambakisye. "Mimi sidai makubwa. Nadai kinanda. Wimbo ni wa mke wangu."

Tukasubiri aendelee. Hakuendelea.

"Mwalimu," Mchungaji akamwambia, "ulikuwa nyuma ya jukwaa. Ungepiga kelele tungesimamisha, Emau wangetoka, wimbo ungebaki wako uuimbe zamu yako. Mbona hukupiga kelele?"

"Ningeuua."

"Ungeua nini?"

"Wimbo. Ulikuwa unakwenda vizuri."

"Imeandikwa."

Mwalimu Sekela akageuka kwenye dawati lake kwa shida. "Mwalimu mwenzangu, nakuheshimu. Lakini watu walilia wapi? Walilia kwenye fa. Ile fa haikuwepo kwenye wimbo wako. Hata msichana wako alinyamaza hapo. Nimeiweka mimi."

Ambakisye akatoa daftari kwenye koti, akalifungua, akampelekea. Mwalimu Sekela akaona mistari ya noti, na pale mwishoni nafasi tupu, imezungushiwa duara la kalamu ya risasi. Akalitazama muda mrefu.

"Nafasi tupu si sauti," akasema mwishowe, lakini kwa upole.

"Ilikuwa inanisubiri mimi. Mimi nilikuwa wa nane. Wewe ulikuwa wa saba."

Mchungaji hakusema imeandikwa. Aliandika tu.

Akasimama Atuganile. "Shikamooni. Mimi sidai makubwa. Nadai kinanda."

Watu wakaguna. Mchungaji akamwuliza, "Mwanangu, unajua kukipiga?"

"Sijui. Na sina pa kukiweka. Lakini aliyeimba ni mimi. Nakidai nikibebe mwenyewe mpaka Betania, nikiweke kanisani, wenzangu wakiniona. Asubuhi tumekuja lori moja tunaimba. Sasa hivi nimekwenda kwenye lori, hakuna aliyenisogelea nipate pa kukaa. Mkiwapa Emau, mimi nimewauza Betania. Mkiwapa Betania kwa sababu ya mwalimu, Betania wameshinda, na mimi bado ni yule aliyewaimbia Emau. Nipeni mimi ndipo nirudi nyumbani."

"Ulijua saa ngapi kwamba hao si wenzako?"

"Kiitikio cha pili."

"Mbona hukunyamaza?"

"Mchungaji, uliwasikia walivyokuwa wakiitikia?"

"Niliwasikia."

"Ningenyamazaje?"

"Imeandikwa," akasema Mchungaji.

Akasimama Bonifasi, ambaye hakuna aliyemwita. "Mimi sidai kabisa. Ila bila moshi yule dada asingekohoa, na bila kukohoa haya yote yasingekuwepo. Kwa hiyo nami iandikwe tu."

"Imeandikwa," akasema Mchungaji. "Na aliyekodi moshi ni mimi. Nalo limeandikwa."

Jaji mmoja akakumbusha habari ya Mfalme Sulemani na mtoto. Bonifasi akasema kinanda kikikatwa hakilii. Jaji akasema anajua, alikuwa anakumbusha tu. Mwingine akashauri kikae mwezi Emau, mwezi Betania. Wote wawili wakakataa, kila mmoja akisema hatakubali kukiona kinatoka. Wakatoka hivyohivyo. Mwalimu Sekela akamrudishia Ambakisye daftari lake kwa mikono miwili. Atuganile alikwenda nyumbani kwa miguu, saa mbili na nusu za njia, na kitenge chake cha miavuli.

Kinanda kimefungiwa ofisini kwa Mchungaji mpaka leo, kimefunikwa. Tamasha jingine ni mwezi ujao. Huku nyuma, kule Betania sauti ya la nayo imekufa. Mwalimu Ambakisye amebaki na sauti nne, na hajatunga kitu tangu Pasaka. Emau meza imeliwa na mchwa mguu mmoja. Mwalimu Sekela ameweka tofali, anaendelea. Siku hizi akifika mwisho wa wimbo ule, waimbaji wake wanasema, anainua kidole pale penye fa na hakishushi. Atuganile haimbi popote. Jumapili anakaa benchi la nyuma Betania, na sauti ya pili ikichelewa anainamisha kichwa.

Wiki mbili zilizopita Mchungaji Mwasomola ametuandikia barua sisi, kwaya iliyoshika nafasi ya nane. Anasema ameomba, amefunga, ameshindwa, na kwa kuwa sisi hatuna upande, tumwamulie, yeye atatangaza. Tumekaa mara tatu. Sauti ya kwanza wanasema apewe Ambakisye. Sauti ya pili wanasema Sekela. Besi wanasema Atuganile, na sina hakika kwamba sababu zao ni za muziki. Mimi ndiye katibu, barua ya kujibu iko mfukoni kwangu, nimeandika salamu tu.

Sasa mnaweza kukohoa. Kisha mniambie niandike jina gani: yule aliyeutunga akanyamaza, yule aliyeupokea akaujaza, au yule aliyeuimba akakosa pa kurudi. Kinanda ni kimoja. Je, ni cha nani?